Kanga Niliyomfunga Mtoto wa Watu

Uluguru juu, Morogoro
Jumamosi, siku ya pili tangu shule ifungwe

Mama yangu,

Shikamoo. Niombe radhi kwanza kabla hujanisema. Tangu Idi kubwa sijakuandikia hata mstari, na simu nimepiga mara mbili tu, zote zikakatika kabla sijauliza la maana. Sijakusahau. Huku juu mtandao unashika kwenye jiwe moja nyuma ya zahanati, na wewe ukipokea, Kaka Jumanne anaweka spika, majirani wote wanasikia. Ninayotaka kusema leo si ya spika. Nimengoja mpaka nimepata wa kuibeba barua. Huyu anayekuletea ni Mwalimu Rehema, anafundisha darasa la kwanza hapa, naye ni wa kwetu Singida, anakuja likizo kwao.

Kaka, najua wewe ndiye unayemsomea. Soma kama nilivyoandika. Usiruke wala usifupishe kama ulivyofanya ile nyingine.

Mguu unaendeleaje, Mama? Dawa ya kuchua imebaki? Mvua zimeanza huko, au bado mnatazama mawingu? Natamani nikugawie za huku. Huku inanyesha, linatoka jua la kuanikia nguo moja, kisha ukungu unashuka mpaka jikoni. Kuni hazikauki. Nimekuwa na macho mekundu kama mlevi kwa ajili ya moshi.

Mimi mzima, ila nimechoka. Uji wa shule nzima si uji wa mgonjwa. Naanza kuchochea watoto hawajafika, na nikimaliza kuosha masufuria mkono huu wa kulia siwezi kuuinua kujifunga kilemba. Lakini siwezi kusema kazi mbaya. Nimepewa chumba kwa Bibi Zena, jirani na shule, na watoto wananipenda. Wananiita Mama Uji. Jina langu mwenyewe nadhani limebaki kwenye daftari la mwalimu mkuu tu.

Nikuambie kitu nisichokuambia mwaka mzima. Wakijipanga na vikombe vyao, huwa natafuta aliye kimo cha Rukia. Nilichagua katoto kamoja ka darasa la kwanza, nikasema moyoni, basi wangu atakuwa hivi. Kakirefuka, namrefusha na Rukia. Juzi kakaja kanacheka, jino la mbele halipo. Nikamwaga uji chini. Rukia naye ameng'oka jino? Alilitupa juu ya bati? Nani alimshika akilia? Haya ndiyo nimekuwa nikiyajua kwa kukisia, kwa mtoto wa mtu mwingine.

Sasa habari za kufunga shule, maana hapo ndipo neno langu lilipo.

Alhamisi wazazi walijaa uwanjani, wengine wameshuka kutoka vitongoji vya juu kabisa, viatu mkononi kwa sababu ya utelezi. Mwalimu mkuu akasoma matokeo. Darasa la saba wamefaulu wote kasoro wawili, watu wakashangilia kama timu yao imechukua kombe. Kuna kijana wa darasa la tatu alitajwa wa tatu kutoka mwisho, mama yake akapiga vigelegele mpaka akakaukiwa sauti.

Mmoja akamwambia, "We mama, ni wa tatu kutoka chini!"

"Najua! Mwaka jana alikuwa chini yenyewe!"

Tulicheka, Mama, hata mwalimu mkuu alishusha karatasi.

Hapa wana desturi yao. Mtoto akiitwa kupokea zawadi, anainuka mtu wa upande wa mama yake, anamfunga kanga mabegani mbele ya watu. Kama si mama, basi mjomba au mama mdogo. Waluguru mtoto wanamhesabu kwa mama, si kama sisi. Upande wa baba wanashangilia, lakini kanga hawagusi.

Akaitwa wa kwanza darasa la nne. Tatu Saidi. Ni binti mwembamba anayetoka ng'ambo ya mto, anafika kila siku sketi imelowa mpaka magotini, na uji wake anaupulizia taratibu utadhani anauonea huruma. Mama yake anafanya kazi za ndani huko Ngerengere, mjomba yuko kwenye mashamba ya miwa. Aliyekuwepo ni bibi mzaa baba, naye kwa desturi hainuki. Basi mtoto akasimama pale mbele na madaftari na beseni la zawadi. Akangojwa mtu. Mwalimu mkuu akarudia jina. Hakuna aliyeinuka. Yule mtoto akawa anatazama njia, kama kuna mtu anapanda mlima amechelewa.

Mama, sikufikiri. Nilitoka jikoni na masizi yangu, nikapita katikati ya watu, nikamfunga kanga. Ile yangu nzuri, uliyonipa stendi siku naondoka. Ndiyo niliyokuwa nayo kiunoni. Nisamehe kwa hilo.

Mgeni amemfunga kanga mtoto wa watu! Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu ni ukoo gani?" Nikatamani ardhi inimeze na beseni lile. Ndipo Bibi Zena, mwenye nyumba wangu, akainuka na fimbo yake.

"Ukoo wa Uji," akasema. "Kuna mtoto wenu hapa asiyekula kwake?"

Watu wakaangua kicheko, vigelegele vikapigwa, yakaisha. Mimi nikadhani yameisha.

Nakwangua ukoko mchana, Tatu akaja jikoni. Kanga kaikunja vizuri.

"Mama Uji, bibi amesema nirudishe."

"Mwambie bibi kanga ya tuzo hairudi."

Hakuondoka. Akachuchumaa akanisaidia kukwangua. Halafu akauliza, "Na wewe una mtoto?"

"Ninaye. Yuko Singida. Anamaliza darasa la kwanza."

"Na yeye kafungwa kanga na nani?"

"Bibi yake."

"Wewe umeonaje sasa, na uko huku?"

Nikamwambia aende, mvua inakuja. Nikabaki na sufuria mpaka maji yakapoa.

Jana asubuhi nikaenda kwa mwalimu mkuu, nikamuuliza kama kuna nafasi darasa la pili. Akasema, "Nafasi ipo. Lete karatasi za uhamisho, usiniletee maneno." Bibi Zena ameshasema mtoto anakaribishwa, chumba kinatosha.

Kwa hiyo nisikufiche. Nimeamua Rukia aje huku Januari. Naomba baraka zako, na najua ninachokuomba. Nilimwacha ana miaka minne, nikasema miezi sita, na hii ni miaka mitatu. Wewe ndiye uliyekaa naye homa zote. Utasema huku baridi, utasema milima, utasema nani atamsuka. Nitamsuka mimi. Sweta nimemtafutia. Shule iko hatua chache kutoka mlangoni, na asubuhi atakuwa jikoni nami, penye moto. Utasema tulikubaliana mpaka darasa la nne. Kweli tulikubaliana. Lakini nilipokuja ile Idi alijificha nyuma ya kanga yako, na nasikia mpaka leo ananiita mama wa kwenye simu. Nikingoja darasa la nne nitakuwa nampokea mgeni, na yeye atanisalimia kwa adabu kama anavyomsalimia mke wa mjumbe. Sitaki adabu hiyo, Mama.

Ninalojua litakuuma ni kitanda. Umezoea kulala naye ubavuni. Kaka, hapa nakusemesha wewe. Mpeleke Mwanahamisi wako akalale kwa Mama kuanzia siku Rukia anaondoka, siyo baada ya wiki. Na kila shule ikifunga muda mrefu, Rukia atakuja kwako, Mama. Hilo ni neno langu na sitalivunja. Utamchoka.

Umwambie wewe, kwa kinywa chako, taratibu, mkichambua mchicha au mkifanya kazi nyingine ya mikono. Usimwambie anakwenda kutembea, maana atanihesabia siku. Mwambie anakwenda kwa mama yake. Akilia mwache alie. Akikuuliza kama nitampiga, mwambie sijawahi kumpiga mtoto hata mmoja wa hapa, na ni wengi, na wanamwaga uji makusudi.

Nisalimie Kaka na shemeji yangu, na Mwanahamisi. Nisalimie mama mdogo wa kule Puma, mwambie ugomvi wetu nimeshausahau, asubiri nikumbuke nani alianza. Msalimie shangazi, dada wa marehemu baba, na umshikie mkono kwa ajili yangu. Mwalimu Rehema mpeni chai na mpakieni kuku asijue mpaka amefika kwao.

Mwanao anayekukumbuka kila akishika mwiko,
Mwanaidi

Geuza nyuma, Kaka.

Mwalimu Rehema anarudi wiki ya kwanza ya Januari, naye amekubali kusafiri na Rukia. Mpeni karatasi hizi mkononi, zisiwekwe chini ya begi: barua ya uhamisho yenye mhuri wa shule yao, maana bila mhuri watamrudisha, cheti chake cha kuzaliwa kile chenyewe, si kopi, ripoti ya muhula huu, hata kama si nzuri, msiifiche, na kadi yake ya chanjo. Kama ile kadi imechanika, leteni hivyohivyo.

Nguo msimpakie nyingi. Gauni lile analolalia, hata kama limechakaa, liwemo, asikose harufu ya nyumbani siku za mwanzo. Mafuta ya alizeti kidumu kimoja. Mlenda mkavu, huku sijauona.

Kimoja hakisubiri Januari. Kitumeni kwa basi wiki hii, ndani ya bahasha, nitashuka kukichukua stendi ya Msamvu. Ni nyuzi mbili. Mmoja wa kimo chake, kwa ajili ya sare. Wa pili ni wa mguu, nataka viatu vya shule vimkute hapa. Msimamishe wima, Mama, jioni, bila ndala, umpime wewe mwenyewe, siyo Kaka. Mguu wa kulia, kutoka kisigino hadi ncha ya kidole gumba. Uukate uzi hapohapo kidole kinapoishia, usiache nafasi. Nafasi ya kukulia nitaiongeza mimi.