Vijiduara Ishirini na Vitatu

Karakana ya Sonara,
Chumba cha juu.
Jumanne, 4 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje siku hizi? Sisi huku tu wazima, ingawa nyumba imekuwa pana kuliko ilivyokuwa. Mama ameanza kula vizuri. Bado anamwekea Baba kikombe chake mezani, na hakuna anayekiondoa.

Nina habari za ile saa. Unakumbuka kiwanda cha saa za kifahari kilimwomba kaka yako atengeneze uso wa saa ya mkono kwa ufundi wa bangili zetu za zamani: nyuzi mbili za dhahabu zinasokotwa, zinakunjwa kuwa vijiduara, kisha vinagandishwa kwa moto unaopulizwa kwa mrija. Vijiduara sitini, kimoja kwa kila dakika. Alipofariki alikuwa amefikisha thelathini na saba.

Msanifu wao alikuja, mtu mpole. "Pole sana, dada. Vilivyobaki tutamalizia kwa mashine."

"Hiyo mashine imewahi kupuliza mrija?" nikamuuliza. Akacheka, akanipa wiki mbili. Nikishindwa, angeuchukua uso wa saa.

Niliogopa, Shangazi. Kazi yangu ilikuwa kukusanya vumbi la dhahabu na kupuliza moto, huku Baba akinigombeza, "Taratibu, mwanangu, hiyo si chai." Lakini nilipokaa kwenye kiti chake, jua likaingia dirishani polepole kama mgeni anayevua viatu mlangoni, na vidole vikaanza kusokota vyenyewe. Nilisahau kula. Mara nyingine nilihisi pumzi inayopita mrijani si yangu peke yangu.

Jana nilimaliza. Msanifu akaja, akaugeuza uso kwenye mwanga, akaugeuza tena. "Vya kwako ni vipi?" akauliza. Nikainama nimwonyeshe, nisivitambue. Uso bado hauna tarakimu, ni mduara tu, nami nilikuwa nimeuzungusha mara nyingi nikiufanyia kazi. Yeye alifurahi. Mimi nilitoka nikakaa ngazini.

Wanauchukua Ijumaa. Nimetia picha yake humu bahashani, kubwa, inaonyesha kila uzi. Wewe ulipuliza mrija huo kabla yangu, unaujua mkono wa Baba. Tafadhali Shangazi, chukua kalamu, uweke alama pale alipoishia, unirudishie.

Msalimie binamu Kicheko na mkewe, na yule mdogo wao anayeng'oka meno. Mungu akutunze, siku zako ziwe na utulivu.

Wako akupendaye na kukukumbuka,
Binti wa kaka yako