Leo Nimewatembeza Mbwa wa Marehemu

Jumapili, Shela. Mawingu tangu alfajiri, joto la kunata, mvua imekataa kushuka. Nimeketi kuandika.

Eda yangu ilikwisha wiki iliyopita. Watu walidhani mahali pa kwanza nitakapokwenda ni kwa dada yangu, mjini Amu. Mimi nimekwenda kutembeza mbwa.

Najua linavyosikika. Kwetu hatufugi mbwa. Lakini mume wangu Omari alikuwa mwangalizi wa nyumba ya mama mmoja Mzungu, na kila asubuhi aliwatoa mbwa wake wawili, akawavusha vilima vya mchanga hadi mashambani. Akirudi alinitolea ndimu mfukoni, aliyoiokota njiani. Moja tu, daima moja. Sikuwahi kumuuliza kwa nini haleti mbili.

Alifia huko, Ijumaa, chini ya mikoma. Wanawake waliokwenda kukata miyaa, majani yake ya kusukia mikeka, ndio waliomkuta, baada ya alasiri. Mbwa mweusi alikuwa amelala miguuni pake. Yule wa rangi ya kahawia, Tangawizi, hakuwepo. Alirudi mwenyewe wakati wa magharibi, anachechemea. Mji mzima ukasema: mmoja alibaki na bwana wake, mmoja akakimbia. Hata mimi nilisema.

Na mimi nikaambiwa neno nikalishika eda nzima: alikwenda ghafla, hakuteseka.

Nilitaka kupaona mahali penyewe, basi. Kwa hiyo mama yule aliponipigia simu kutoka kwao, akilalamika kwamba mwangalizi mpya hataki kuwagusa mbwa na wanashinda wamefungwa, nilimwambia nitawatoa mimi.

Sikujua hata kamba inashikwaje. Nilizungusha leso mkononi nikawaacha wanivute, maana njia wanaijua wao. Tulivuka mchanga, sauti ya bahari ikapotea, tukaingia kwenye minazi. Kuna ndege huko sijapata kuwasikia, na nimezaliwa kisiwa hiki hiki. Niliwaza, kumbe hivi ndivyo zilivyokuwa asubuhi zake. Kwa kitambo kidogo nilikuwa karibu na furaha.

Kwenye ua wa shamba moja Tangawizi akakataa kwenda. Akatokea mwanamume wa makamo, jembe begani.

"Makubwa haya! Bi na buibui lake, na mbwa wawili! Yeo dunia imepinduka. Karibu, Bi, karibu."

Jina lake Bwana Shali, mtu wa Faza, analitunza shamba hilo. Alinikatia dafu. Mbwa nao akawatilia maji kwenye kifuu na kukisukuma kwa kijiti, asiwakaribie. Mweusi alikunywa. Tangawizi alijificha nyuma ya buibui langu, anatetemeka mwili mzima.

"Ah, huyo twajuana," Bwana Shali akacheka. "Huyo adui yangu. Ijumaa moja nimekoga, nimevaa kanzu nyeupe, nashika ndia kwenda msikitini. Akanitokea hapo ulipo. Abweka, aniuma pindo la kanzu, avuta! Nikamtupia jiwe. Akaondoka, akarudi. Nikamtupia la pili, likampata mguu. Akarudi tena! Nikamwambia, ewe mlaanifu, wataka twende wapi?"

"Alikuwa akielekea wapi?" nikauliza.

"Kule kwenye mikoma. Aenda kidogo, ageuka aniangalia, aenda kidogo, ageuka. Nikaingia ndani kujitahirisha na kubadili kanzu, hotuba yote ikanipita. Na nikitoka msikitini mashua ya Faza yaningoja, binti yangu ana uchungu. Nimekaa huko na mjukuu, nimerudi juzi tu."

Kabla ya sala ya Ijumaa.

Omari walimkuta baada ya alasiri. Na aliyemuosha, katika kunituliza, aliniambia mwili ulikuwa laini, bado una joto. Basi adhuhuri alikuwa bado hai.

Nililiweka dafu chini. Nilimtazama Bwana Shali akipangusa jembe lake na nikaona ana uso mwema. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Na mwenyewe yuko wapi?" akauliza. "Au amekuangushia wewe kazi, yeye amelala?"

"Ni mume wangu aliyekuwa akiwatembeza," nikasema. Neno lililobaki, kwamba amekufa, halikutoka.

"Mwambie aamke, kazi ya mbwa si ya bibi! Haya, msalimie sana."

"Zimefika," nikasema.

Ulimi umezoea tu.

Sikufika kwenye mikoma. Miguu iligeuka yenyewe. Njiani nilimlegezea Tangawizi kamba na sikuweza kumtazama machoni. Mtu angalau akiita, neno lake husikika. Mbwa huyu alilisema lake mara tatu akajibiwa kwa mawe, kisha sote tukamwita mtoro.

Nimejaribu kumchukia Bwana Shali tangu nilipofika nyumbani. Ningekuwa mimi, nina udhu, nimevaa nguo ya sala, mbwa ananivuta pindo, ningemfuata? Najiuliza na jibu silipendi.

Lakini Shela ni ndogo. Msikitini watamwambia ni nani aliyefia kwenye mikoma, na siku gani. Ataunganisha mwenyewe, amesimama katikati ya watu, na atakumbuka salamu alizonipa.

Sitaki alijue hivyo.

Kesho asubuhi nitamrudia, nimwambie mimi. Naogopa maneno yasije yakakwama tena, basi nayaandika hapa kwanza, nione kama yanaandikika.

Nimekusamehe, Bwana Shali.

Yameandikika. Kuyasema, bado sijui.