Blu-rei ya Kaka Amani

Dada Furaha,

Huku Kasenga mvua inapiga bati na ndagala zinanukia jikoni. Jana tulimaliza kilio cha kaka Amani. Majirani walileta viti vyao wamuone akicheza kwenye harusi yako, katika ile diski ya blu-rei uliyonipa. Lakini kila mashine iliitema; hapa zinasoma DVD tu. Hata huko kwako Guangzhou watu hawakuzizoea blu-rei; nilipokutembelea, mashine yako tuliitafuta madukani mpaka tukachoka.

Mama akapangusa diski kwa kitenge, akaangalia upande unaong'aa, akajiona.

"Macho iko ya Amani," akasema, akaipitisha kwa watu.

Nakukumbatia, dada. Weye uko na nakala na mashine: iwashe, umuache acheze mpaka mwisho, umuangalie kwa niaba ya Mama.

Mdogo wako,
Neema