Mikanda Arobaini

3 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kifua kimepoa? Mimi mzima wa mwili, moyo ndio unanisumbua.

Unajua hapa kiwandani kazi yangu ni kukagua mikanda ya usalama, ile wanayojifunga mafundi wanaopanda majengo marefu. Juzi niliigongea mhuri mikanda arobaini. Leo nimegundua imeshonwa kwa uzi wa mabegi! Nimeuvuta kwa mkono, ukakatika. Msimamizi anasema ninyamaze. Lakini mhuri ni wangu, mama.

Unakumbuka sare ya mteja wako wa cherehani niliyoipinda upande nikiwa na miaka minane, nikaipiga pasi kuficha? Ulinipeleka hadi mlangoni kwake niseme mwenyewe, "Nimekosea." Nililia njia nzima.

Nishauri.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kinaringa asubuhi tu, mchana kinaniachia nishone.

Ile ilikuwa sare ya shule, na wewe ulikuwa mtoto. Kazi haiokotwi njiani. Msimamizi ndiye mkubwa wako, dhambi ni yake. Funika kombe mwanaharamu apite. Nakuomba, nyamaza.

Mama yako

14 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama.

Barua yako nimeisoma mara tatu, nikadhani umeandikiwa na jirani! Nimekasirika, sifichi. Umenilea kwa neno moja, leo unaniambia nilimeze?

Nimeshasema. Nilikwenda kwa meneja, nikamwambia mhuri ni wangu na kosa ni langu. Mikanda ilikuwa imeshauzwa; thelathini na tisa imerudishwa. Mmoja haujaonekana. Nimeutafuta kwenye majengo mawili, leo naenda la tatu.

Nimesimamishwa kazi. Jumatatu naitwa mbele ya wakubwa, na msimamizi anaapa kwamba sikumwambia kitu. Sibadilishi hata neno, kwa hiyo usinibembeleze.

Mwanao yuleyule

16 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zimefika, na makofi yake pia. Niliyastahili.

Niliogopa, basi. Kumfunza mtoto ni rahisi. Kumwona akiumia kwa sababu ya ulichomfunza, loo, hilo sikuliweza.

Nakuja na basi la kesho Jumapili, nimeshakata tiketi; barua hii nampa kondakta wa basi la leo ikutangulie. Nikishuka stendi tunakwenda moja kwa moja kuutafuta huo mkanda, jengo kwa jengo. Jumatatu tunaingia wote kwa hao wakubwa. Wakiuliza nani kakufundisha ukaidi, nitasimama.

Mama yako