Mama, Umezaliwa

Mama,

Nimekuzaa. Najua hapo ulipo unacheka, kwa sababu mke wa mwana hamzai mama mkwe wake. Lakini huku kwetu Tetu msichana wa kwanza ni wa nyanya yake upande wa baba, na wako ameitwa Wairimu kama wewe. Amelala kando yangu ninapoandika. Paji la uso ni lako, na hasira ya njaa pia ni yako.

Ulituacha katika baridi ya Julai mwaka jana, kabla sijajua kwamba nimebeba mimba. Ndiyo maana naandika. Sitaki uyasikie haya kwa mtu mwingine.

Unakumbuka uzazi wangu wa kwanza. Uchungu ulinishika wakati wa mvua, barabara ni matope matupu, na mtoto akakwama hadi akafia ndani yangu. Mimi nikapona, ila mkojo ukaanza kutoka wenyewe, usiku na mchana. Nikaacha kwenda kanisani. Nikaacha kuchuma kahawa na wenzangu. Nilikaa juu ya gunia, na wageni wakija nilijifungia jikoni.

Kisha baba mdogo wa mume wangu akaja na wazee kusema nirudishwe kwetu, Kariuki atafutiwe mwingine. Kariuki mwenyewe alikuwa kazini Mweiga, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa. Wewe ndiye uliyejibu. Uliwapa uji kwanza, wakanywa, ndipo ukasema, "Huyu aliumia akitutafutia mtoto. Mukimrudisha kwao, na mimi mutanirudisha kwetu." Ukakusanya vikombe. Maneno yakaishia hapo.

Kesho yake ulichukua matambara yangu, niliyokuwa nikiyaficha nyuma ya zizi, ukayafua na kuyaanika kwenye ua wa mbele, palipo na njia ya watu wote. Nilitamani ardhi ipasuke. Ukaniambia jua ni la kila mtu.

Na matambara hayo ndiyo yaliyotuokoa. Nekesa, yule mke wa polisi wa Kiganjo aliyetoka magharibi, alikuja kununua maharagwe akayaona. Kiswahili chako kilikuwa cha kubahatisha, na chake hivyo hivyo, lakini mlielewana. Alikuambia polepole, "Mama, hii maneno inashonwa. Dada yangu alikuwa hivi. Daktari alishona, sasa iko sawa, iko na watoto." Ukamwuliza tena na tena, ati inashonwa kama nguo? Asubuhi ukanifunga shuka mbili, tukaondoka kwenda hospitali.

Wauguzi walitaka urudi nyumbani. Ukatandika gunia sakafuni kando ya kitanda changu, ukabaki. Daktari alieleza kwamba mtoto alipokwama alibana nyama hadi ikatoboka, na kwamba sikurogwa, wala sikumkosea mtu yeyote. Hayo ya mwisho ulimwomba mkalimani ayarudie.

Halafu ikaja ile asubuhi baada ya kutolewa mpira wa mkojo. Uliingiza mkono chini ya blanketi ukapapasa shuka. Kavu. Ulitoka nje, na muuguzi akaja kuniambia kwamba mama yangu anacheza peke yake nyuma ya jiko la hospitali.

Mama, sikuwahi kukwambia kwamba niliposikia hivyo nililia hadi mwenzangu wa kitanda cha pili akadhani nimefiwa.

Sasa ya mwaka huu. Daktari alikuwa ameonya kwamba mimba nyingine nisiizalie nyumbani, nipasuliwe mapema. Baba mdogo akaja kusema wanawake wa ukoo huu hawapasuliwi. Nilimpa uji kwanza. Alipomaliza nikamwambia nitapasuliwa, na Kariuki akasimama upande wangu bila kuombwa. Alinipeleka mwenyewe hadi Kiganjo, kwa Nekesa, palipo na lami, nikakaa huko hadi siku yangu ya kwenda hospitali ilipofika.

Nilimsikia kabla sijamwona. Mtoto wangu, analia. Nilikuwa sijawahi kusikia sauti hiyo kutoka kwa wangu. Nikalia naye, na muuguzi akasema basi mnyamaze angalau mmoja.

Mimi na Kariuki tumeenda kliniki pamoja. Tutangoja kidogo kabla ya mwingine, kovu lipone vizuri. Alikuwa mwanamume pekee kwenye lile benchi, lakini hakuinuka.

Na kuna msichana wa huko juu, Muthoni, ambaye mama yake alikuwa amemficha kwa shida kama yangu. Nilienda na Wairimu mgongoni, nikakaa naye, nikamsimulia yangu yote bila kuficha. Juma lililopita alirudi kutoka hospitali akiwa mkavu. Jumapili alikaa benchi la mbele kanisani, na kitambaa kipya kichwani.

Siku niliyorudi na mtoto, wanawake waliningoja langoni. Unajua desturi: msichana vigelegele vitatu, mvulana vitano. Wakapiga vitatu. Ndipo rafiki yako Gachambi, na fimbo yake, akasema, "Ongezeni. Huyu tumemngoja sana." Wakaongeza, vikafika vitano, na kule ng'ambo ya bonde wanawake waliokuwa shambani wakaitikia bila hata kujua ni mtoto wa nani.

Pumzika sasa, Mama. Nakuahidi: kwenye kilima hiki mwanamke anayejificha nitamtafuta, nitakaa naye, na nitamshika mkono hadi mlangoni kwa daktari. Na Wairimu akikua nitamwambia ni nani aliyemfungulia njia.

Binti yako,
Nyambura