Maji Yanayozama Sindeni

Jumanne, 15 Aprili 2025
Sindeni. Kibonde kilicho juu ya shamba la Bi Mwantumu kimejaa maji ya mvua. Nimesimika kigingi cha kupimia katikati, na beseni la kupimia maji yanayokaushwa na jua pembeni. Nataka kujua maji yanayotuama hapa yanazama ardhini kiasi gani. Bi Mwantumu kanipa uji. Kaniuliza kama huko ofisi ya maji Korogwe tunalipwa kuangalia dimbwi. Nimecheka. Kisima chake kiko chini kidogo ya kibonde — maji matamu kweli.

Alhamisi, 24 Aprili
Majibu mazuri! Jua linakausha kidogo tu, mengine yote yanazama. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Mhina, kaniomba niwaambie watu. Nikasema: kila siku kibonde kinashuka kidole kizima, na karibu yote yanaingia ardhini. Watu wakaguna. Nilitaka kueleza yanakokwenda, lakini bodaboda alishaanza kupiga honi, na basi la Korogwe halingoji mtu pale Mkata. Nikaaga.

Jumatatu, 12 Mei
Nyumbani, Masuguru. Simu ya Mzee Mhina. Anasema wameyazuia maji yasipotee. Wamemwaga udongo wa mfinyanzi kibondeni, wakaswaga ng'ombe wa kitongoji kizima wakanyage tope mpaka likashikana — ndivyo wanavyotengeneza malambo ya kunyweshea mifugo tangu zamani. Sasa hayashuki. Ananishukuru.
Mjinga mimi. Maneno mawili tu yalibaki, nikakimbilia basi.

Ijumaa, 23 Mei
Sindeni. Maji yako palepale kwenye kigingi. Bi Mwantumu kanipeleka kisimani, akashusha ndoo. Ikagonga chini, ikapanda na tope. Kasema, taratibu, kwamba kisima hiki hakijawahi kumkaukia masika. Hakunilaumu. Uji kanipikia vilevile — maji kaomba kwa jirani.
Nikamweleza Mzee Mhina: yale yaliyokuwa yanazama ndiyo ya kisima. Kasema: mwanangu, ng'ombe wa watu wanakunywa pale sasa, nani atakubali tufukue?
Mkutano, baada ya swala. Naandika hapahapa, nimekalishwa mbele. Wamenivisha khanga ya shukrani. Watu wanataka kesho ng'ombe waende kukanyaga kibonde cha pili, nacho kisipoteze maji. Bi Mwantumu yuko nyuma na ndoo yake. Mzee Mhina hanitazami. Ananiita nisimame.
Bodaboda anapiga honi. Nimemwashiria aende zake.