Namba Moja ni Lemi

Alhamisi, 15 Agosti 2024

Lemi amefariki. Alfajiri, hospitalini. Presha. Juzi tu tulikuwa tumeegemea bodi ya gari lake hapa stejini Arua, kituo chetu, ananicheka kwamba Noah yangu inakohoa kama mzee. Miaka tisa tumepanga foleni pamoja, Arua–Koboko, Koboko–Arua. Nimeingia ndani ya gari, nimefunga vioo, nimelia.

Atazikwa Jumamosi kwao Kuluba. Steji nzima inakwenda. Shida ni moja: leseni zetu za njia zinasema Arua–Koboko tu, na kwao Lemi ni ndani kabisa, nje ya njia yetu. Mwaka jana trafiki waliwakamata wenzetu wawili waliopeleka maharusi kando ya njia. Kwa hiyo mwenyekiti wetu, Mzee Hakimu, ameagiza iandikwe orodha ya madereva wote watakaosindikiza—jina, namba ya gari, namba ya leseni, sahihi—ili trafiki akiuliza aonyeshwe. Mwandishi ni mimi. Mwandiko wangu ndio unaosomeka pale stejini. Ndiyo maana hata daftari hili ninalo. Nikiwa kwenye foleni nangoja abiria, naandika.

Juu ya karatasi ya kwanza nimeacha mistari mitatu wazi. Hapo patakaa maneno ya kuwaeleza polisi kuwa ni safari ya mazishi, na polisi wanataka Kiingereza, na Kiingereza cha ofisi anakijua Anguyo, dereva mwenzetu aliyewahi kuwa karani. Kasema nimwachie, kichwa ataweka yeye.

Namba moja nimemwandika Lemi. Ni desturi yetu: siku ya mazishi, dereva aliyekufa anashika nafasi ya kwanza kwenye foleni. Gari lake linatangulia, hata mwenyekiti hampiti. Kwenye sehemu ya sahihi wenzangu wakasema, msainie wewe, mlikuwa kama ndugu. Nikamsainia. Wengine walicheka, wengine walifuta macho. Jumla tuko sitini na wawili.

Jumamosi, 17 Agosti

Tumemzika. Mvua kidogo. Trafiki hata mmoja hatukumwona njiani, orodha haikutazamwa na mtu. Mke wake, Kahindo, sauti imemkauka kabisa. Nimemwuliza Anguyo karatasi ziko wapi, kasema ziko salama kwake. Nimechoka.

Jumatatu, 26 Agosti

Tangazo limebandikwa ofisi ya leseni. Kuanzia Oktoba, hakuna leseni ya njia bila barua ya chama cha madereva. Na ofisi itatambua chama kimoja tu—kile chenye sahihi nyingi za wanachama.

Leseni yangu inaisha tarehe 30 Septemba! Bila hiyo, Noah ni banda la kuku. Mke wangu Asiya alinitazama nilipoingia nyumbani, akaniwekea chai.

Stejini ni kelele tupu. Mzee Hakimu anasema chama ni kile chake, kipo tangu zamani. Anguyo naye katokea na chama kipya, ati yeye ndiye anayewakilisha madereva. Madereva gani? Tulicheka wote.

Alhamisi, 5 Septemba

Naandika ndani ya gari, vioo vimefungwa.

Nilikwenda ofisi ya leseni kuuliza tu. Karani kaniambia chama cha Anguyo kinaongoza. Hakimu kaleta sahihi thelathini na nne. Anguyo sitini na mbili.

Sitini na mbili. Nikamwomba nione. Karani akainua karatasi nyuma ya kioo, kidogo tu. Juu, Kiingereza, herufi kubwa: sisi wanachama tuliosaini hapa chini tunamchagua ndugu Anguyo, na kadhalika. Mistari mitatu kamili, imejaa. Na chini yake—mwandiko wangu. Majina yale yale, namba zile zile. Ni orodha ya mazishi!

Nilitaka kusema pale pale. Mdomo ulifunguka. Nikamsikia karani akisema barua za leseni zitaandikwa na chama kitakachoshinda, na hapa mshindi anajulikana. Mdomo ukajifunga. Nikasema asante, nikatoka. Nilisema asante!

Ijumaa, 6 Septemba

Mzee Hakimu kanishika mkono baada ya sala, nje ya msikiti. Hakunisalimu kama siku zote.

“Asuman. Mimi nilikuweka kwa steji hii. Gari ya kwanza nani alikupa? Sasa naambiwa maandiko yako iko kwa karatasi ya Anguyo.”

Nikamweleza yote: mistari mitatu, kichwa, Anguyo. Alisikiliza akichezea tasbihi. Kisha akasema, kama iko hivyo, enda sema ofisini. Kama hapana sema, basi mimi najua wewe ni mutu ya Anguyo, na barua kwangu usikuje kuomba.

Nimekaa juu ya makaa. Nikisema, Anguyo hanipi barua. Nikinyamaza na Hakimu akashinda, Hakimu hanipi. Wapiganapo tembo nyasi huumia, wanasema watu. Nyasi ndiyo mimi—tena nyasi iliyowaandikia tembo karatasi ya kupigania.

Jumamosi, 7 Septemba

Nilikuwa naosha gari. Kitambaa mkononi, niko kwenye mlango wa nyuma. Ndipo nikakumbuka namba moja.

Lemi! Marehemu ni mwanachama namba moja wa chama cha Anguyo. Afisa wa leseni ni mgeni, kahamishiwa hapa mwezi wa saba, hamjui. Anguyo mwenyewe nadhani hakusoma majina, alihesabu tu. Lakini sahihi ile niliisaini mimi. Kwenye mazishi ilikuwa heshima. Kwenye ofisi ya serikali ni kughushi sahihi ya maiti.

Kwa hiyo hata nikisema ukweli, swali la kwanza litakuwa: na huyu, nani alimsainia? Leseni nitaisahau. Nitaomba tu nilale nyumbani, si rumande.

Nimemwambia Asiya. Akasema: “Baba Hasifa, njia ya mwongo ni fupi.” Najua. Ila kwa nini iwe njia yangu, mimi sikudanganya! Niliacha mistari mitatu tu.

Jumanne, 10 Septemba

Koboko. Anguyo kanikuta kwenye foleni, kaingia mbele, kakaa kiti cha abiria. Ana shati jipya. Kaniambia barua yangu tayari imechapwa, inangoja muhuri tu. Kaitoa mfukoni, kanionyesha jina langu, kairudisha mfukoni.

Nikamwambia orodha ile si yake. Hakubisha! Hilo ndilo lililoniumiza. Akasema: “Hakimu amekaa miaka kumi na moja, kura iko wapi? Ulipigwa faini kule Manibe, alikuja kukusemea? Mimi nitakuja. Watu wanasaini kwa ajili ya maiti, kwa ajili ya wazima hawasaini. Ningefanya nini?”

Na ni kweli, Mzee hajafanya uchaguzi. Siku ya faini hakuja, alisema ana mgeni. Anguyo anaongea mambo ya kweli juu ya karatasi ya uongo. Namba moja sikumwambia. Sijui kwa nini. Labda nilitaka niwe na kitu kimoja ambacho yeye hana.

Jumapili, 15 Septemba

Kahindo kaja nyumbani, na kanga nyeusi, kaleta mihogo. Asiya kamkaribisha. Mwezi mmoja sasa tangu Lemi afariki.

Alichokuja kutafuta ni orodha.

“Shemeji, ile karatasi ya batu walisindikiza bwana yangu, iko kwako? Nataka nisomewe jina moja moja. Mutu akikuja kulia na weye, unaweka jina yake. Siku yake na yeye akifiwa, unaenda. Mimi niko mugeni huku, batu wa steji siwajui wote. Nisije nikakosa.”

Kwao Kongo wanafanya hivyo, na hapa pia tunafanya. Karatasi ile kumbe ina mwenyewe. Si ya trafiki, si ya Hakimu, si ya Anguyo. Ni deni la machozi, na mwenye kulilipa alikuwa amekaa kwenye mkeka wangu, ananingojea nijibu.

Nikasema iko ofisini. Akauliza, ofisi gani? Nikasema ya leseni, ni mambo ya utaratibu, itarudi. Asiya aliinuka akaenda jikoni. Aibu hii sijawahi kuiona.

Alhamisi, 19 Septemba

Hakimu kalalamika rasmi. Afisa wa leseni kajibu kwa tangazo jipya: Alhamisi tarehe 26, saa tatu asubuhi, ukumbini, kila jina litaitwa kwa sauti. Mwenye jina asimame, aseme ni mwanachama au si mwanachama. Wataanza na orodha ya Anguyo. Kutoka namba moja.

Siku nne kabla leseni yangu haijaisha. Sili vizuri.

Jumapili, 22 Septemba

Nimemwambia Anguyo. Ilibidi. Namba moja ni Lemi, nikasema, na sahihi ni yangu.

Nilidhani atanitukana. Akasema: “Atakapoitwa, wewe ujibu. Sema iko safari, ameenda Juba. Nusu ya Koboko iko Juba, nani atauliza? Watu wa Hakimu nao walisaini, hawatataka kuulizwa. Halafu wakifika kwako namba nne, sema ndiyo. Jioni chukua barua.”

Kwamba nimpeleke Lemi Juba. Alikuwa anaichukia Juba. Aliibiwa betri huko, akasimulia miaka mitatu. Nilicheka peke yangu, halafu nikashindwa kuacha, na haikuwa kicheko tena.

Jumanne, 24 Septemba

Wenzangu wengi watasema ndiyo. Nimewauliza kimya kimya kwenye foleni. Mmoja kasema, yeyote atakayempa barua ndiye mwakilishi wake. Mwingine kasema, Asuman, usituletee matatizo, wewe ndiye uliyeandika. Wote wanataka barua, na mimi pia naitaka. Hasifa ameanza muhula wa tatu shuleni, na gari hili ndilo shamba letu, hatuna lingine.

Hakimu hanipungii mkono tena tukipishana njiani.

Jumatano, 25 Septemba

Kahindo tena. Alinikuta stejini, mbele ya watu, akauliza karatasi imerudi? Na anaendelea kungoja kwa adabu, hanishuku, hilo ndilo linaloniua.

Sijui nini kilinisukuma. Nikamwambia: “Shemeji, karatasi sijaipata. Lakini kesho saa tatu, ukumbini, wataisoma yote kwa sauti. Njoo usikilize.”

Alifurahi. Kasema wamefanya vizuri, ofisi kumkumbuka bwana yake namna hiyo. Kasema atakaa mbele, asikose jina.

Nimelala kwenye kiti cha gari mchana wote, abiria wakipita. Asiya nilipomwambia alinitazama kama hanijui. “Umemtuma mjane akuzungumzie?” Nikasema hapana, nimemwambia tu asikilize. Nikajitetea sana, na nilivyojitetea ndivyo nilivyojua kwamba amesema kweli.

Alhamisi, 26 Septemba

Saa tatu kasoro. Niko ukumbini, safu ya tano, naandika gotini. Nikiandika natulia.

Ukumbi umejaa. Hakimu kulia na watu wake, Anguyo kushoto na shati lile jipya. Kapita karibu yangu, kagusa mfuko wake wa kifua. Barua iko pale. Niseme Juba. Neno moja tu, halafu nyumbani.

Kahindo kaingia. Kanga nyeusi, kajifunga kitambaa safi kichwani kama mtu anayekwenda kanisani. Kakaa safu ya mbele kabisa. Amewasalimia madereva wote waliokuwa karibu kwa mkono, mmoja mmoja.

Ningeweza kumwendea sasa. Hatua kumi. Nimtoe nje, nimweleze. Sijainuka.

Afisa kafika. Ni mwembamba, ana miwani. Kasema hataki kelele, kila mtu ajisemee mwenyewe, hakuna kumsemea mwenzako. Hakuna kumsemea mwenzako! Anguyo ananitazama. Nami natazama daftari.

Ameshika karatasi. Naona mkunjo pale nilipoikunja siku ile, juu ya boneti ya Lemi.

“Namba moja. Lemi Tongun.”

Ukumbi mzima unajua. Watu wanatazama sakafu. Hata upande wa Hakimu hakuna anayeinua mkono, maana nao walisaini, nao walisindikiza, na mjane amekaa mbele yao.

Ameita tena. Anguyo anakohoa—ni mimi anayenikoholea. Juba. Naendelea kuandika.

Kahindo amesimama.

Amesimama wima, mikono imeshikana mbele, kama tulivyosimama kaburini. Afisa anamuuliza kwa upole, mama, wewe ndiye Lemi? Anajibu hapana, Lemi ni bwana yangu, na asante sana kwa kuanza na yeye. Asante batu yote mulimusindikiza. Tulimuzika Kuluba tarehe kumi na saba, mwezi wa nane.

Afisa kavua miwani. Kaipindua karatasi, kaangalia tarehe iliyopokelewa ofisini, kamtazama Anguyo, kaangalia karatasi tena. Anguyo haangalii mtu.

Anamwonyesha Kahindo kwa kidole: mama, na hii sahihi hapa, ni ya nani?

Kahindo kainama, anatazama muda mrefu. Anasema hajui. Anasema, lakini Asuman anajua, yeye ndiye aliandika, yeye alikuwa rafiki yake. Amegeuka. Ananitafuta, safu ya pili, ya tatu, anatabasamu tayari kwa kuwa ataniona—